Lovecraft, Mmarekani aliyeiogopa Congo bila kuiona, na filme iliyopuuzwa kisha ikapendwa

Tarehe 15 Machi 1937, katika hospitali moja ya mji wa Providence, kaskazini-mashariki ya Marekani, alikufa mwanaume wa miaka 46. Kansa ya utumbo ilikuwa imemmaliza. Hakuacha mtoto, hakuacha mali, na katika uhai wake kilitoka kitabu kimoja tu chenye jina lake, nakala kama 200 zilizojalidiwa, zimejaa makosa ya uchapaji. Aliitwa Howard Phillips Lovecraft.

Kijana wa Uvira anayepakia filme kwenye simu yake pale sokoni huenda hajawahi kulisikia jina hilo, lakini kivuli chake amekwisha kukutana nacho. Jitu lenye mikono ya pweza linalolala chini ya bahari likingoja siku yake, kitabu cha zamani kinachomtia wazimu kila anayekifungua, watafiti wanaochimbua barafu na kukuta kitu ambacho hakikupaswa kuguswa: mengi ya mambo hayo yalitoka kwenye kalamu yake, au kwa watu waliomuiga. Moja ya filme zinazomfuata kwa karibu zaidi ni In the Mouth of Madness ya John Carpenter, ambayo watazamaji wa Kifaransa wanaijua kama L'Antre de la folie. Mwaka 1995 ilipita kwenye majumba ya sinema ya Marekani karibu bila kuonekana. Leo ina watu wanaoitazama tena na tena na kubishana juu yake usiku kucha.

Lipo jambo lingine linalotufanya sisi wa ukingo wa Tanganyika tumtazame mtu huyu kwa jicho letu wenyewe. Lovecraft aliandika juu ya Congo, tena mara mbili, bila kukanyaga Afrika.

Nyumba iliyoanguka

Alizaliwa Providence tarehe 20 Agosti 1890, katika nyumba kubwa ya babu yake mzaa mama, Whipple Phillips, mfanyabiashara mwenye nafasi. Mwaka 1893 baba yake, aliyekuwa akisafiri kuuza bidhaa, alishikwa na wazimu akiwa hotelini Chicago. Walimfungia katika hospitali ya Butler huko Providence, na humo alikufa mwaka 1898, inavyoelekea kwa kaswende. Mtoto akabaki na mama, mashangazi na babu. Babu ndiye aliyemsimulia hadithi za kutisha na kumfungulia maktaba yake.

Mwaka 1904 babu alikufa, mali ikasambaratika, na familia ikahama nyumba ile. Wale wanaotafuta asili ya hofu ya Lovecraft wasiende mbali sana: ni mtoto wa miaka 13 aliyeona ulimwengu wake ukiuzwa. Alipenda elimu ya nyota. Akiwa bado kijana aliandika makala za anga katika magazeti ya mji wake, akiwaeleza wasomaji sayari zipo wapi mwezi huo. Lakini mwaka 1908 afya ya akili ilimtupa chini, akaacha shule ya sekondari bila diploma, akajifungia nyumbani kwa miaka kadhaa.

Mwaka 1919 mama naye aliingizwa Butler, hospitali ileile ya baba. Alifia humo mwaka 1921, baada ya kupasuliwa. Baba na mama, nyumba moja ya wagonjwa wa akili. Baada ya hapo hatushangai kwamba katika hadithi zake karibu kila mtu anaogopa kile alichorithi kwa wazazi.

Kutoka kwenye darubini alipata wazo ambalo ndilo lililomfanya awe tofauti. Mashetani ya zamani ya Ulaya yalimchukia mtu, yalitaka roho yake, yaliogopa msalaba. Viumbe vya Lovecraft havimchukii mtu. Havimjui. Ulimwengu kwake ni mkubwa mno, wa zamani mno, na binadamu ndani yake ni kama sisimizi njiani: atakanyagwa bila mtu kukasirika. Ndiyo sababu watu wanaziita hizo hadithi za hofu ya ulimwengu, si hofu ya mizimu.

Sisi wa huku tuna mambamuntu. Wachoraji wamemchora kwenye kuta za baa na vibao vya maduka, nusu mwanamke, nusu samaki, kitana mkononi na nyoka pembeni. Anatisha, lakini unaweza kupatana naye: anatoa utajiri, anadai siri na uaminifu, na ukivunja ahadi anakuja kudai chake. Kwa Lovecraft hakuna mapatano. Hata ziwa letu, lenye kina kinachofika mita 1,470, lingemfaa kuliko mambamuntu. Chini ya mita 200 hivi maji yake hayana hewa ya oksijeni, samaki haishi humo, na wavuvi wa ndagala wanawasha taa zao usiku juu ya giza lisilo na habari nao.

Congo ya kubuni

Mwaka 1920 aliandika hadithi juu ya familia ya Kiingereza iitwayo Jermyn. Babu wa kale, Sir Wade, alisafiri Congo katika karne ya 18 na kurudi na mke ambaye watu hawakuruhusiwa kumwona. Alisema ni binti wa mfanyabiashara Mreno. Vizazi vilivyofuata vilizaliwa na sura na tabia za ajabu. Mjukuu wa mwisho, Arthur, anaenda Congo ya Wabelgiji kutafuta ukweli, anapata wasindikizaji kwa ruhusa ya wakubwa wa Kibelgiji, anakaa kwa watu ambao Lovecraft aliwaita Wakaliri. Chifu mmoja mzee, Mwanu, ndiye anayemsimulia habari za mji wa mawe msituni na mungu wa kike mweupe. Baadaye ajenti Mbelgiji anamtumia sanduku lenye maiti iliyokaushwa. Arthur anafungua, anaona kwamba bibi yake wa kale alikuwa nyani mweupe, naye anajimwagia mafuta na kujichoma moto.

Hadithi ilitoka 1921 katika kijarida cha waandishi wasiolipwa. Mwaka 1924 jarida la Weird Tales liliichapa tena na kuibandika jina linalomtaja nyani mweupe, yaani waliufichua mwisho kwenye kichwa cha habari. Lovecraft alikasirika sana kwa hilo.

Hakuna kabila la Kaliri. Hakuna mji huo. Lakini hofu iliyomo haikuwa ya kubuni. Mnamo Septemba 1906, Lovecraft akiwa na miaka 16, bustani ya wanyama ya Bronx huko New York ilimweka Ota Benga, mtu wa misitu ya Congo, katika nyumba ya nyani, pamoja na orangutani, na maelfu ya watu walifika kumtazama. Wachungaji weusi wa New York walipiga kelele mpaka akatolewa. Hakurudi nyumbani. Mnamo Machi 1916, huko Lynchburg katika jimbo la Virginia, alijipiga risasi. Miaka 4 baadaye Lovecraft aliandika hadithi ya mtu anayejiua kwa sababu damu ya Congo imo ndani yake, na msomaji Mmarekani alitakiwa kuona kwamba kifo hicho ni cha haki.

Hadithi ya pili, ya mwaka huohuo, ina mzee anayeishi peke yake katika nyumba mbovu ya shamba huko Massachusetts. Ana kitabu cha zamani, Regnum Congo cha Pigafetta, na anapenda mno picha moja ndani yake, ya duka la nyama ya watu. Kitabu hicho kipo kweli. Filippo Pigafetta alikitoa Roma mwaka 1591 kutokana na masimulizi ya Mreno Duarte Lopes. Miaka michache baadaye ndugu wa de Bry wakakitilia picha kule Frankfurt, ingawa hawakuwahi kuiona Congo. Lovecraft naye hakukiona kitabu chenyewe. Alichukua habari za picha kutoka kwa insha ya Mwingereza Thomas Huxley. Basi hesabu mwenyewe: Lopes alisimulia, Pigafetta akaandika, wachoraji wakabuni, Huxley akanakili, Lovecraft akaogopa.

Hapo inafaa kukumbuka kwamba wazungu waliofika kweli walipata habari zao kwa wenyeji. Mnamo Aprili 1858 Richard Burton na John Speke walifika Uvira kwa mitumbwi wakitaka kujua kama Rusizi unatoka ziwani kwenda Nile. Wana wa mtawala wa hapa waliwaambia kwamba mto unaingia ziwani, na safari yao ikaishia hapo. Kitu pekee ambacho Lovecraft alikipata sawa katika hadithi yake ni kwamba anayeujua ukweli ni chifu mzee.

Lakini wakati yeye anaandika, kitisho cha kweli cha Congo kilikuwa kimekwisha kuandikwa kwenye magazeti ya Marekani: mpira, mikono iliyokatwa, utawala wa Leopold II uliokoma mwaka 1908 kwa sababu ya kelele hizo. Hakukichukua. Na kile alichokiogopa, damu kuchanganyika, serikali ya Ubelgiji ilikiogopa vilevile, tena kwa mihuri na saini. Watoto waliozaliwa na baba mzungu na mama mweusi walinyang'anywa mama zao na kupelekwa kwenye misheni. Waziri mkuu Charles Michel aliomba radhi mwaka 2019. Tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels ilisema kwamba jambo hilo, kwa wanawake 5 walioshitaki, lilikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Hao wanawake, ambao leo ni mabibi, walichukuliwa wakiwa watoto wadogo Kasai. Hakuna jitu lolote la baharini katika hadithi hiyo.

New York na kurudi

Mnamo Machi 1924 Lovecraft alioa. Mke wake, Sonia Greene, alikuwa Myahudi aliyezaliwa Ukraine, mfanyabiashara wa kofia, mkubwa kwake kwa miaka 7. Wakaishi Brooklyn. Biashara ya mke ikaanguka, mke akaenda kutafuta kazi mji mwingine, mume akashindwa kupata kazi yoyote ya kudumu. Alibaki chumba kimoja, katikati ya wahamiaji wa kila lugha, akiwachukia. Barua zake za miaka hiyo ni chungu kusoma, na hadithi aliyoandika 1925 juu ya mtaa wa Red Hook ni chuki hiyohiyo iliyovaa nguo za mazingaombwe. Ajabu ni kwamba alikuwa akiyaandika hayo akiwa mume wa mhamiaji. Sonia mwenyewe alilazimika kumkumbusha.

Mwaka 1926 alirudi Providence kwa mashangazi, na huko akili yake ikafunguka. Majira hayohayo ya joto aliandika hadithi ya Cthulhu, jitu linalolala chini ya Pasifiki. Weird Tales waliikataa kwanza, wakaichapa Februari 1928. Mwaka 1931 aliandika hadithi ndefu ya watafiti wanaokuta mji wa kale katika barafu ya Antaktika. Nayo ilikataliwa, ikamvunja moyo kwa miaka, mpaka jarida la Astounding Stories lilipoitoa 1936. Aliishi kwa kusahihisha maandishi ya watu wengine, akila maharage ya mkebe, akiandika barua kwa marafiki vijana. Barua hizo zilimwokoa baada ya kufa. Wawili kati ya marafiki hao, August Derleth na Donald Wandrei, waliunda mwaka 1939 nyumba ya uchapaji, Arkham House, kwa ajili ya kutoa hadithi zake tu. Nakala 1,268 za kwanza zilichukua miaka kadhaa kuuzwa. Mwaka 1954 Denoël ya Paris ilimtoa kwa Kifaransa, na Wafaransa walimheshimu mapema kuliko Wamarekani wenyewe.

Filme ambayo watu hawakuielewa

John Carpenter alimpenda Lovecraft tangu utotoni. Mwaka 1982 alitoa The Thing, juu ya kiumbe cha barafuni kinachovaa sura ya mtu yeyote. Ilitoka wiki 2 baada ya E.T., ile ya kiumbe mpole wa anga aliyewaliza watoto. Watazamaji walichagua mpole. Wahakiki waliandika kwa kinyaa, na kampuni ikamnyang'anya Carpenter filme iliyokuwa inafuata. Sasa wengi wanaihesabu kati ya filme bora za hofu. Ndiyo ya kwanza kati ya tatu ambazo yeye mwenyewe huziweka pamoja, kwa sababu zote zinahusu dunia kuisha. In the Mouth of Madness ndiyo ya tatu.

Asiyetaka kujua mwisho wake aruke aya hii. Sam Neill ni John Trent, mpelelezi wa bima, mtu asiyeamini kitu. Anatumwa kumtafuta mwandishi aliyepotea, Sutter Cane, ambaye vitabu vyake vinawatia wasomaji wazimu. Trent anafika kijiji kilichomo kwenye riwaya tu, na humo anaambiwa kwamba yeye naye ni mtu wa kubuniwa, ameandikwa na Cane. Anatoroka, anarudi mjini, kitabu kimekwisha kuuzwa kila mahali, filme yake imetengenezwa. Mwishoni watu wamekwisha, Trent anaingia sinema tupu na kiroba cha bisi, na kwenye pazia anajiona mwenyewe katika mambo yote tuliyoyaona. Anacheka mpaka kicheko kinageuka kilio.

Mwaka 1995 watu wengi walitoka wakiuliza swali moja: je, mtu huyu ni mwehu au ni kweli? Walikuwa wamezoea muuaji mwenye kisu, anayekimbizwa na kuuawa. Hapa hapakuwa na wa kuuawa. Nchini Marekani filme haikufikisha dolari milioni 9, kiasi kisichofika mbali zaidi ya gharama za kuitengeneza, na ikasahauliwa. Kisha kaseti zikaizungusha, televisheni za usiku wa manane, halafu diski. Walioiona mara ya pili waligundua kwamba majibu yalikuwa yamewekwa wazi tangu mwanzo, kwenye picha za jalada na katika mabango ya barabarani. Hadi leo wapo wanaosema nusu ya kwanza inatisha na nusu ya pili inaonyesha majini ya mpira kupita kiasi. Wengine wanajibu kwamba majini yanaonekana kwa sekunde chache tu, na kinachoogopesha ni yule mtu anayecheka peke yake sinemani, kwa sababu wakati huo na wewe umekaa unatazama.

Mimi nasimama na hao wa mwisho, lakini nina shaka kama filme hii ingepata kimya katika kibanda cha video cha huku, jenereta likinguruma nje na msimulizi akitafsiri kwa Kiswahili. Mtazamaji wetu hakai kimya. Anamwonya shujaa, anamtukana mjinga anayefungua mlango, na swali lake la kwanza kwa kila jini ni: anataka nini? Huyu wa Carpenter hataki kitu. Msimulizi angepata taabu, au angembunia sababu.

Carpenter na mwandikaji wake Michael De Luca walifanya jambo moja ambalo watu hawalisemi sana. Walichukua hofu ya Lovecraft na kuitoa kwenye damu. Katika hadithi ya Jermyn uchafu unapita kwa urithi, kutoka kwa bibi wa Congo. Katika filme unapita kwa kusoma, na unamshika yeyote, mweupe au mweusi, mwenye bima na asiye nayo. Hapo ndipo hofu yake ikawa ya watu wote, na labda ndiyo sababu inaweza kupendwa bila kukunja uso.

Waandishi weusi hawakungoja Hollywood wafanye kazi hiyo. Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye wazazi Wanigeria, alipata mwaka 2011 tuzo kubwa ya riwaya za kubuni, ambayo sanamu yake ilikuwa kichwa cha Lovecraft. Aliandika wazi juu ya uchungu wa kuweka nyumbani kichwa cha mtu aliyemdharau. Mnamo Novemba 2015 waandaaji walitangaza kwamba kichwa hicho hakitatolewa tena. Mwaka uliofuata Victor LaValle alichukua hadithi ya Red Hook na kuiandika upya kutoka kwa macho ya kijana mweusi wa Harlem. Kitabu kimoja amekitolea kwa Lovecraft mwenyewe, kwa upendo na hasira pamoja. Congo ya Wakaliri na chifu Mwanu bado haijaandikwa upya na mtu wa huku.

Lovecraft amezikwa katika makaburi ya Swan Point, Providence, kwenye kiwanja cha familia. Kwa miaka 40 jina lake lilisomeka tu kwenye nguzo ya wazazi wake, chini ya majina yao. Mwaka 1977 wasomaji walichanga pesa wakamwekea jiwe lake.